Shajara ya mradi: kamera ndogo zisizopitisha maji katika mbizi za mitungi ya hewa, Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia

20 Januari 2024: Lengo na kamera ya kwanza

Mradi huu una lengo dogo: kupiga picha ya mraba uleule wa matumbawe, mahali palepale, kila baada ya majuma machache, kwa kamera ambayo kikundi cha wazamiaji wanne kinaweza kuinunua kwa mchango wake chenyewe. Matumbawe ya Mafia yalipauka na kufa kwa wingi mwaka 1998, na hadi leo watu hapa Utende wanasimulia jinsi miamba ilivyogeuka mieupe, lakini simulizi haziwezi kuonyesha kama tumbawe fulani limeongezeka kiganja kimoja au limeliwa na mwani. Picha zinaweza, mradi kamera iendelee kuwa hai mbizi baada ya mbizi, na hilo ndilo linaloandikwa hapa. Matokeo ya matumbawe yenyewe yatakuwa na daftari lake.

Hatukuwa na uwezo wa kununua kamera kubwa yenye kasha la alumini, kwa hiyo tulichagua kamera ndogo ya mfukoni, ya aina ambayo kiwanda kimeitengeneza isipitishe maji bila kuvikwa chochote. Kamera za namna hii huuzwa zikiwa na kikomo cha kina kilichoandikwa kwenye boksi, mara nyingi mita 10, 15 au 30. Yetu imeandikwa mita 15 na imetugharimu TSh 720,000, ikiwa imetumika kidogo. Sitataja chapa za kamera wala maduka katika shajara hii, kwa sababu mengi yaliyotukuta yangeweza kuikuta kamera yoyote yenye mlango wa betri.

Kabla ya kuingia majini nilitaka kujua ile namba ya boksi inaahidi nini hasa. Kipimo cha IPX7 kinamaanisha kwamba kifaa kimewekwa ndani ya maji ya mita 1 kwa dakika 30, na IPX8 ni zaidi ya hapo, kwa kina na muda anaoutaja mtengenezaji mwenyewe. Majaribio hayo hufanywa katika maji yasiyo na chumvi, yaliyotulia, kwa kifaa kipya chenye sili (mpira wa kuzuia maji) safi. Kutoka hapo hadi Ghuba ya Chole, yenye chumvi, mchanga laini na mkondo unaoburuta mtu, ni mbali.

Kuna jambo jingine ambalo boksi haliwezi kulijua, nalo ni bamvua. Kituo chetu cha tatu huko Milimani, mwamba wa matumbawe ndani ya ghuba, kilipimwa mita 12.9 maji yalipokuwa yamekupwa, nasi tukafurahi kwamba kimo ndani ya kikomo. Lakini wakati wa bamvua maji hapa hupanda zaidi ya mita 3, kwa hiyo jiwe lilelile huwa mita 13 saa nne asubuhi na mita 16 ifikapo saa kumi jioni. Tuliandika kwenye daftari kwamba kituo hicho kitapigwa picha wakati wa maji mafu pekee, yaani siku ambazo maji hayapandi sana. Kuandika tuliandika.

17 Februari 2024: Mbizi 11, hakuna tatizo

Vituo vyote vitatu vya Milimani vimepigwa picha. Kila tunapotoka, kamera inalowekwa katika ndoo ya maji ya kisima kwa nusu saa, inafutwa na kuanikwa kivulini, kisha mlango unafunguliwa na betri kuchajiwa. Fremu ya mraba tumeitengeneza kwa mabomba membamba ya plastiki yaliyotobolewa ili yasielee.

26 Februari 2024: Mbizi ya 14, kamera imekufa

Siku mbili zilikuwa zimepita tangu mwezi mpevu, boti ilikuwa imechelewa kurudi kutoka Kilindoni, na badala ya kuahirisha tulizamia saa kumi na dakika arobaini alasiri, maji yakikaribia kujaa kabisa. Kituo cha tatu kilisoma mita 15.8 kwenye kompyuta ya kuzamia. Saa 11:02 skrini iliwaka rangi ya zambarau, ikazimika, na kupitia kioo cha lenzi niliona maji yakicheza kama ndani ya pimamaji.

Juu ya boti tulifanya jambo moja sahihi na moja la kijinga. Sahihi ni kwamba tulitoa betri mara moja na kuiweka pembeni peke yake, mbali na tangi la petroli, kwa sababu betri ya lithiamu iliyoingia maji ya chumvi inaweza kupata moto baada ya muda hata kama mwanzoni inaonekana salama. La kijinga ni kwamba tuliianika kamera juani na baadaye kuizika kwenye mchele. Mchele hauna kazi hapo. Chumvi ndiyo adui, na chumvi haifyonzwi na nafaka. Ilipaswa kuoshwa kwa maji safi pale pale, kabla haijakauka juu ya saketi na kuanza kula shaba.

23 Machi 2024: Uchunguzi wa maiti

Kwa majuma kadhaa tuliamini kwamba tumeiua kamera kwa kuvuka kikomo kwa sentimita 80, na mimi niliyekubali kuzamia jioni ile nililibeba hilo. Ushahidi umetoka mahali ambapo hatukutazamia. Kadi ya kumbukumbu ilipona, na nilipolinganisha saa za picha na mchoro wa kina kutoka kompyuta ya kuzamia, nikaona kwamba picha ya saa 10:44, iliyopigwa tukiwa mita 4 tu, tayari ina utandu kwenye kona ya chini. Picha ya saa 10:51, mita 11, ina utandu hadi katikati. Maji yalianza kuingia karibu tulipogusa bahari.

Fundi simu wa Kilindoni aliifungua kamera mbele yangu, kwa TSh 35,000, na ingawa hakuweza kuifufua, alinionyesha kilichotokea. Uzi mmoja wa pamba, mfupi kuliko ukucha, ulikuwa umelala juu ya sili ya mlango wa betri, na kutoka kwenye uzi huo mstari wa chumvi ulielekea moja kwa moja ndani. Uzi ulikuwa wa rangi ya khanga tuliyokuwa tukifutia kamera.

Hapa kuna somo la fizikia ambalo lingetuokolea fedha kama tungelifikiria mapema. Mlango wa betri wa kamera ile una ukubwa wa karibu sentimita 3 kwa 4, yaani sentimita za mraba 12. Kila mita 10 za maji huongeza takribani kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba, hivyo kwenye mita 15 mlango unasukumwa ndani kwa uzito wa kilo 18 hivi. Msukumo huo unaikandamiza sili na kuufunga mlango kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo sili yenye kasoro ndogo mara nyingi huvuja juu juu, kwenye ndoo ya kuoshea au mita chache za mwanzo, wakati mlango umeshikiliwa na komeo lake tu. Kina huharibu kwa namna nyingine, kwa kukunja ganda au kupasua kioo, lakini si hivyo ilivyokufa kamera hii. Kikomo tulikivuka, na lilikuwa kosa. Kilichotugharimu kamera kilikuwa khanga.

Muuzaji wa Dar es Salaam alisema kwamba dhamana haihusu maji. Nilimwuliza kamera isiyopitisha maji ina dhamana dhidi ya nini basi, akacheka kwa adabu.

20 Aprili 2024: Kamera ya pili

Baada ya Idi tumenunua kamera ya pili, iliyoandikwa mita 30, kwa TSh 980,000. Wenzangu walitaka tununue ileile ya zamani kwa bei nafuu. Mimi ndiye niliyeshikilia kwamba akiba ya kina ni akiba ya usalama, na naandika hapa kwamba hoja hiyo ilikuwa nusu kweli.

Utaratibu wa kufunga mlango umebadilika. Khanga na taulo zimepigwa marufuku. Sili inapulizwa kwa pampu ndogo ya mpira, inaangaliwa kwa tochi iliyoelekezwa kwa ubavu ili unywele au punje ya mchanga itoe kivuli, inafutwa kwa kidole kikavu, kisha mtu wa pili anaangalia kabla ya komeo kufungwa. Baada ya hapo kamera inakaa dakika kumi ndani ya beseni la maji safi huku tukitazama kama kuna mfululizo wa vipovu kutoka sehemu moja. Vipovu viwili vitatu vinavyotoka chini ya vitufe ni hewa iliyonaswa tu. Vinavyofuatana kutoka ukingoni mwa mlango ni taarifa ya msiba.

11 Mei 2024: Kusimama

Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4. Vifaa vilikuwa ndani ya pipa la plastiki lililofungwa na havikuguswa, lakini bahari imechafuka na kusi imeanza, kwa hiyo hakuna mbizi hadi maji yasafike.

13 Julai 2024: Mita 24, vitufe vimenasa

Leo, katika maji mafu, tumeipeleka kamera ya pili kwenye mlango wa bahari wa Kinasi, ambako kituo cha nne kiko mita 24. Haikuvuja hata tone. Hata hivyo, kuanzia mita 19 kitufe cha kubadili hali ya picha kilizama na kukaa, kamera ikaanza kujibadilisha yenyewe kutoka picha kwenda video na kurudi, na tulipofika chini hata kitufe cha kupigia hakikurudi juu kila kilipobonyezwa. Katika fremu 20 tulizokusudia, tumepata 6. Tulipopanda hadi mita 15 vitufe viliamka vyote, kama kwamba hakuna lililotokea.

Maelezo ni yaleyale ya mlango, yamegeuzwa. Kitufe chenye kipenyo cha milimita 8 kina eneo la nusu sentimita ya mraba, na kwenye mita 24 bahari inakibonyeza kwa zaidi ya kilo moja bila kuombwa. Springi yake ndogo lazima iwe na nguvu kuliko hapo ili kukirudisha. Springi mpya huenda inaweza. Springi yenye chembe za chumvi kuizunguka haiwezi, na yetu ilikuwa nazo, jambo lililotushangaza kwa kuwa tulikuwa tunailoweka kamera kila siku.

10 Agosti 2024: Maji ya kisima, na ukungu

Chanzo cha chembe kimepatikana kwa njia ya aibu. Kisima tunachotumia kuoshea kiko karibu na ufuo, na maji yake ni ya chumvichumvi. Tumezoea kuyaogea hata hatuhisi. Nilimwaga kijiko kimoja juu ya sahani nyeusi na kuiacha juani, na kilichobaki ni duara jeupe. Kwa miezi saba tumekuwa tukisuuza chumvi kwa chumvi. Sasa tunatumia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, na badala ya kuiacha kamera ilale tu ndani ya beseni, kila kitufe kinabonyezwa mara ishirini ikiwa chini ya maji ili maji safi yaingie kwenye shina lake. Baada ya siku tatu za kuloweka na kubonyeza, kitufe cha hali ya picha kimerudi kufanya kazi hadi mita 22. Mita 24 bado hakifiki.

Tatizo la pili la mwezi huu ni ukungu ndani ya kioo cha lenzi, unaotokea dakika ya kumi au kumi na tano ya mbizi na kuondoka tunaporudi juani. Mwanzoni nilidhani ni uvujaji. Siyo. Tulikuwa tukibadilisha betri juu ya boti, kati ya mbizi ya kwanza na ya pili, kwa mikono iliyolowa na nywele zinazodondosha maji. Matone machache hufungiwa ndani pamoja na hewa, kamera ikiwashwa inapata joto na kuyageuza mvuke, na mvuke huo unatafuta mahali penye baridi kuliko pote, ambapo ni kile kioo cha mbele kilichogusana na bahari ya nyuzi 25. Kamera iliyoachwa juani huongeza shida, kwa sababu hewa yake iliyotanuka hunywea ghafla inapoingia majini na kuvuta unyevu wowote ulioko kwenye ukingo wa sili.

Dawa ni kutoufungua mlango baharini kabisa. Betri inachajiwa usiku, mlango unafungwa alfajiri ndani ya chumba kikavu, na kamera inasafiri ndani ya ndoo yenye maji chini ya kivuli cha tanga. Betri moja inatosha mbizi mbili iwapo skrini inazimwa kati ya vituo na flashi haitumiki. Nahodha wetu, ambaye amekuwa akitutazama tangu Januari bila kusema neno, alisema alipoona ndoo ile: “Sasa mmeanza kuishi nayo kama chambo hai.”

31 Agosti 2024: Uamuzi wa kasha

Tumekubaliana kwamba kamera ndogo isiyovikwa chochote haifai kwa mbizi za mitungi zinazorudiwa, ingawa inafaa kwa kuogelea na mbizi za mtu anayezamia mara mbili kwa mwaka akiwa likizo. Kosa letu lilikuwa kutazama namba ya mita, wakati udhaifu uko kwenye mlango unaofunguliwa kila siku na kwenye mashina ya vitufe. Kuna kamera ndogo zilizozibwa moja kwa moja kiwandani, zisizo na mlango wowote, na kama bei yake ingetufikia pengine shajara hii ingekuwa fupi.

Tumeagiza vitu viwili: kamera nyingine ya modeli ileile ya kwanza, iliyokwisha kutumika, kwa TSh 650,000, na kasha lake la plastiki ngumu lenye kikomo cha mita 45, kwa TSh 830,000. Hesabu yetu ni kwamba kasha likivuja matone machache, kamera iliyo ndani nayo haipitishi maji, hivyo tutakuwa na muda wa kupanda juu na kuinusuru. Kasha lenye kamera ya kawaida ndani halitoi nafasi hiyo.

14 Septemba 2024: Kasha tupu, mara tatu

Kasha jipya halipewi kamera siku ya kwanza. Tulilitia karatasi kavu za tishu na risasi za wavu ili lizame, tukalifunga kwa kamba na kulishusha kutoka kwenye boti hadi mita 25 kwa nusu saa. Tishu zilirudi kavu kabisa.

Kisha nikaharibu. Kijichupa cha grisi kilichokuja na kasha kilidondoka baharini, na kwa kuwa oringi (pete ya mpira inayoziba kasha) ilionekana kavu niliipaka mafuta ya mgando, yale ya kupaka mwilini. Asubuhi iliyofuata oringi ilikuwa imevimba na kurefuka kiasi kwamba haikukaa tena ndani ya mfereji wake. Kila nikiibonyeza upande mmoja inachomoza upande mwingine. Mafuta ya mgando yanatokana na petroli, na mpira wa silikoni huyanywa na kuvimba. Hata grisi ya silikoni si salama kwa kila oringi, maana baadhi ya oringi za silikoni huvimba kwa grisi ya silikoni pia, na ndiyo sababu watengenezaji huuza grisi ya oringi zao pekee. Usibadilishe grisi hata kama jirani ana nyingine inayofanana rangi.

Kosa lilizaa kosa. Nilikwenda duka la beringi nikanunua oringi mbili za kipenyo kilekile kwa TSh 6,000, nyeusi, za kutumika kwenye pampu. Kipenyo kilikuwa sawa lakini unene ulizidi kwa kiasi ambacho jicho halioni. Komeo lilifunga kwa kulazimishwa, na katika jaribio la pili la kamba tishu zilirudi zimelowa upande wa bawaba. Kama kamera ingekuwa ndani, ingekuwa ya pili kufa.

Oringi mbili halisi na grisi yake zimefika kutoka Dar es Salaam kwa TSh 68,000 pamoja na usafirishaji. Jaribio la tatu limefaulu. Kwa watakaofuata njia hii: grisi haizibi maji, kazi yake ni kuifanya oringi iteleze na kukaa vizuri, kwa hiyo kiasi cha punje ya mchele kinatosha kasha zima, na oringi inapaswa kung’aa bila grisi kuonekana. Grisi nyingi hukamata mchanga. Oringi isitolewe mferejini kwa kisu wala sindano. Ibinywe kwa vidole viwili hadi ijipinde, kisha ichomolewe. Na sili ya mlango wa kamera yenyewe haipakwi chochote, kwa mujibu wa mwongozo wake, jambo ambalo mwenzetu mmoja alikuwa karibu kulisahau kwa kudhani kila mpira unataka grisi.

Nimesoma kwamba Nikonos, kamera ya filamu ambayo Nikon ilianza kuiuza mwaka 1963 kutokana na kamera ya Kifaransa iliyoitwa Calypso, nayo ilitegemea oringi na grisi na mikono safi ya mwenye nayo. Miaka sitini imepita na bado tunapuliza mchanga kwenye mfereji wa mpira.

26 Oktoba 2024: Mbizi 19 ndani ya kasha

Kasha limefika mita 26 Kinasi, vitufe vyote vikifanya kazi. Vitufe vya kasha vina springi ngumu zaidi na vinahitaji kidole chenye nia, lakini havijanasa. Vifuko vya silika jeli, TSh 15,000 kwa pakiti, vimeondoa ukungu. Kimoja kinakaa chini ya kamera mbali na oringi, na vikishiba unyevu tunavikausha kwenye sufuria juu ya makaa yanayokaribia kuzimika. Nusu ya vifuko vya kwanza niliviunguza kwa haraka yangu.

Badiliko jingine ni namna ya kuingia majini. Zamani mzamiaji alijitupa kinyumenyume kutoka ubavuni mwa boti akiwa na kamera mkononi, na kishindo kile kwenye uso wa maji kinaweza kulisogeza komeo au kuipiga sili kwa nguvu ambayo haimo katika hesabu ya kina. Sasa mzamiaji anaingia kwanza, kisha nahodha anamteremshia kamera kwa kamba. Mzamiaji anaigeuza mbele ya uso wake kwa dakika moja, mita 2 chini, akiangalia kama kuna tone. Dakika hiyo imetukera mara nyingi mkondo unapovuta, lakini ndiyo dakika ambayo uzi wa khanga ungeonekana.

24 Novemba 2024: Gharama hadi sasa

Kamera tatu zimegharimu TSh 2,350,000 na kasha TSh 830,000. Fundi alichukua 35,000. Oringi halisi na grisi 68,000. Oringi za pampu zilizotupwa 6,000. Silika jeli 15,000. Beseni na pampu ya kupulizia 12,000. Jumla ni TSh 3,316,000, bila boti na mitungi. Kama tungeanza na kamera ya kwanza na kasha lake, tukaacha ya pili na ya tatu, tungekuwa tumetumia nusu ya fedha hizo au karibu na hapo. Naiandika hesabu hii kwa ajili ya kikundi kingine kitakachosimama mbele ya kabati la duka kikilinganisha mita 15 na mita 30.

Kamera ya pili haijatupwa. Tumeipangia kikomo chetu wenyewe cha mita 10, na msimu huu wa papa potwe inatumika Kilindoni kwa wanaoogelea juu ya maji, kazi inayoiweza bila manung’uniko.

9 Februari 2025: Doa kwenye ukingo

Wakati wa ukaguzi wa mwaka, tulipokuwa tukibadilisha oringi ya kasha ingawa ya zamani ilionekana nzima, tuligundua doa la ukungu kwenye plastiki ya kasha, karibu na komeo, lenye umbo la kidole gumba. Halifutiki. Lilitokana na dawa ya kufukuza mbu: yule anayefunga kasha alfajiri ndiye aliyekuwa amejipaka usiku, na dawa nyingi za namna hiyo zina DEET, ambayo huyeyusha baadhi ya plastiki. Doa liko milimita 5 nje ya uso unaokaliwa na oringi. Lingekuwa milimita 5 ndani, oringi isingepata mahali laini pa kukaa, na tusingejua hadi siku ya maji.

Kuanzia leo anayefunga kasha ananawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chochote, na anayetaka kujipaka dawa ajipake baada. Kamera ya tatu imetolewa, na kasha tupu limeshushwa tena kwa kamba hadi mita 30 kwa dakika 40, likiwa na tishu na oringi mpya. Tishu zimetoka kavu, pamoja na ile tuliyoibandika chini ya doa. Kesho kutwa mwezi bado haujawa mpevu lakini maji yanaanza kukua, kwa hiyo tunazamia kesho asubuhi, vituo vya 1 na 2 tu.